Nyuso Chini ya Turubai la Bluu

Mama alianza kupoteza macho kwa mambo madogo ambayo sisi wanawe hatukuyatilia maanani. Chai ikawa inamwagikia kwenye kisosi badala ya kikombe. Maharage, ambayo alikuwa akiyachagua upesi kuliko mtu yeyote nyumbani, yakaanza kutuletea vijiwe mezani. Siku moja alirudi kutoka gulio la Soni na kikapu cha nyanya za kijani kibichi, akaapa kwamba yeye amenunua zilizoiva. Baba alicheka, kisha akanyamaza. Nadhani ndipo alipojua.

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba upasuaji wake si mkubwa. Mama alikubali, ila si wakati ule. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa ameshachumbiwa, ndoa imeshatangazwa kanisani Gare, na mama hakutaka kumwozesha binti yake akiwa na bandeji usoni.

"Nimwozeshe kwanza," alisema. "Haya macho nimeishi nayo hivi miaka yote. Yatangoja kidogo."

Mimi ni mpiga picha. Nina studio ndogo Lushoto mjini, chumba kimoja chenye dirisha kubwa, na jamaa zangu wote wakioa au kuolewa huwa mpiga picha ni mimi, nipende nisipende. Wiki ile ya harusi mama aliniita jikoni, akanikalisha kwenye kigoda kando yake.

"Wewe ndiye utakayepiga?"

"Ndiyo, mama."

"Basi usipige wale wa mbele tu, bwana na bibi harusi na padri. Piga vyote. Piga masufuria. Piga waliokaa nyuma. Piga kuku, kama watapita. Mimi nitakuwepo, lakini sitaona kitu. Nikishapona utanionyesha."

Nilidhani anatania. Nikamtazama, naye alikuwa amegeuza uso kuelekea sauti yangu, hatabasamu hata kidogo. Nikamwambia nitapiga vyote.

Siku ya harusi ukungu ulishuka tangu asubuhi, na misa ilipokwisha ukageuka manyunyu. Lori lililoleta mahema ya kukodi lilikwama kwenye kona chini ya kijiji, matope hadi ekseli. Wajomba hawakupoteza muda. Walitoa turubai la bluu tunalofunikia maharage, wakaazima jingine la kijani kwenye gari la kubebea kabichi, wakayafunga kwenye miti na kwenye kona ya nyumba, na karamu ikaendelea kama vile ndivyo ilivyopangwa.

Kwa wageni ilikuwa furaha tupu. Kwa kamera ilikuwa balaa. Mwanga ukipita kwenye turubai hubeba rangi ya turubai hadi kwenye ngozi ya mtu. Waliokaa upande mmoja walikuwa bluu, waliokaa upande wa pili walikuwa kijani, na mjomba aliyekaa katikati alikuwa na shavu la bluu na shavu la kijani. Kwenye kioo cha kamera walionekana kama watu waliozama mtoni wakaopolewa. Mama alikaa mstari wa mbele na kitenge chake kipya, kichwa amekiinamisha upande mmoja, akisikiliza. Kila kwaya ilipoanza alipiga makofi kabla ya wote.

Wakati huo nilimkumbuka mwanamke aliyenifundisha kazi. Alikuwa na studio Tanga, na alinipokea nilipomaliza kidato cha nne, nikiwa sijui hata lenzi inafunguliwa upande gani. Alikuwa mkali, na alikuwa na neno lake moja ambalo alilirudia mpaka sisi wanafunzi wake tukamwigiza akiwa hayupo.

"Kamera itakupa chaguo," alikuwa akisema. "Itakupa picha iliyopikwa, au itakupa picha mbichi. Iliyopikwa inapendeza papo hapo, lakini chumvi ikizidi huwezi kuitoa. Mbichi haivutii, ni nzito, inajaza kadi. Lakini kila ambacho kamera imekiona kimo ndani yake. Piga mbichi, mwanangu. Siku mwanga utakapokugeuka utanikumbuka."

Maana yake ni hii. Kwa kawaida kamera huamua yenyewe kipi ni cheupe, wapi pawe na giza, rangi ikolezwe kiasi gani. Ikishaamua, yaliyobaki inayatupa. Picha mbichi haijaamuliwa. Unaenda nayo nyumbani, unaifungua kwenye kompyuta, na unaamua mwenyewe taratibu. Hata mpangilio wa weupe, ule tunaouita waiti balansi, unaoiambia kamera huu ni mwanga wa taa au wa jua au wa kivulini, unaweza kuubadilisha baadaye bila kuidhuru picha. Basi chini ya matone ya manyunyu yale nilipiga mbichi, nikapiga vyote alivyoniagiza mama. Nilipiga masufuria. Nilipiga viatu vyenye matope vilivyopangwa mlangoni. Nilipiga mlango wa jiko la nje, uliokuwa mweusi kama pango. Nilipiga na kuku.

Miezi michache baadaye mama alifanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza. Nilikuwepo asubuhi muuguzi alipofungua bandeji. Mama aliitazama mikono yake, nje na ndani, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokuwa amekiazimisha. Kisha akamtazama muuguzi.

"Mwanangu, hii nguo yako mmeisuuza na bluu?"

Alikuwa anasema ile bluu ya kufulia tuliyosuuzia mashati ya shule ili yawe meupe zaidi. Muuguzi akacheka, akasema hapana, nguo ni nyeupe tu ya kawaida. Lakini mama alisisitiza. Shuka lilikuwa na bluu, ukuta ulikuwa na bluu, hata mvi za baba zilikuwa na bluu. Daktari alipopita akamweleza vizuri.

"Mama, kioo cha jicho lako kilikuwa kimezeeka, kimekuwa cha kahawia. Miaka yote hii ulikuwa unaitazama dunia kupitia chai ya rangi. Sasa tumeimwaga ile chai. Utazoea."

Mama alimshika daktari mkono kwa mikono yake miwili, akamwombea baraka kwa Kishambaa, sala ndefu, na daktari, ambaye hakuwa Msambaa, alisimama akaipokea yote hadi mwisho.

Alipopata nafuu alikuja studioni. Nilikuwa nimeshamwandalia picha, na niliziandaa kama ninavyowaandalia wateja. Wateja wengi huniomba niwang'arishe kidogo, nilainishe ngozi, nipunguze weusi. Mkono umeshazoea. Nikafungua picha ya bibi harusi akiwa kati ya wageni, ikajaa kwenye kioo.

Mama aliisogelea. "Huyu ni nani?"

"Mama! Si mdogo wangu huyo?"

Aliitazama tena, muda mrefu. "Huyu mtoto nilimzaa mweusi," alisema. "Mweusi wa kung'aa. Nilikuwa nikishampaka mafuta naliona jua mgongoni mwake. Amekuwa hivi lini?"

Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba ile picha mbichi bado ipo, kwa sababu chochote unachokifanya juu yake ni kama nguo juu ya mwili, unaweza kuivua. Nikabonyeza mara moja, kazi yangu yote ikaondoka, na wageni wakarudi kama walivyokuwa siku ile.

"Yesu na Maria!" mama akashika mdomo. "Wamepatwa na nini?"

"Ni turubai, mama."

Alicheka mpaka nikaogopa kwa ajili ya jicho lake. Alitaka kumwona mjomba wa mashavu mawili, nikamtafutia, akacheka tena. Kisha akavuta kiti, akajifunga kanga vizuri kiunoni.

"Haya. Tuwarudishe."

Hivyo ndivyo mama alivyoanza kufanya kazi na mimi. Nilimweleza kwamba kila ambacho kamera imekiona kimo ndani ya picha mbichi. Kuna kitufe ambacho unakielekeza kwenye kitu cheupe ndani ya picha, na programu inajua: kumbe hiki ndicho cheupe, basi rangi nyingine zote zipangwe kwa hicho. Nilikielekeza kwenye gauni la bibi harusi. Nyuso zikatoka kwenye bluu ya kuzama zikaingia kwenye bluu ya baridi.

"Gauni halikuwa jeupe," mama alisema.

"Mama, wewe hukuliona."

"Nililishika. Na mdogo wako aliniambia ni rangi ya maziwa, si nyeupe. Mpigie."

Nikampigia. Ilikuwa rangi ya maziwa. Nilikuwa nimeiambia kompyuta kwamba krimu ndiyo weupe, ikaniamini, ikazidisha bluu kwenye kila kitu. Tulijaribu sahani, tukajaribu ukosi wa shati la padri, lakini kila kimoja kilikuwa kimepokea turubai kwa namna yake. Mwishowe mama akasema jambo ambalo mimi, pamoja na miaka yangu yote ya kazi, halikunijia.

"Kwa nini tunabahatisha, na watu wenyewe wapo?"

Siku ya gulio iliyofuata alikuja na baba. Baba alikuwa amevaa koti lile lile la harusi, amelipiga pasi, kwa sababu aliambiwa anakwenda kupigwa picha. Mama akamkalisha karibu na dirisha, ubavuni mwa kompyuta, uso wake halisi sambamba na uso wake wa kwenye kioo.

"Mtazame," aliniambia. "Umemfanya wa majivu. Mzee ana wekundu hapa, chini ya macho."

Nikavuta rangi taratibu kuelekea joto. Nikapunguza bluu upande wa kulia wa uso pekee, maana turubai lilikuwa upande huo, nikaacha wa kushoto.

"Kidogo tena," mama alisema. "Hapana, rudi. Hapo. Mzee, geuka."

"Nimegeuka mara ngapi?" baba akalalamika. "Mimi si ng'ombe wa mnadani."

"Ng'ombe asingekuwa na maneno."

Ukungu ukapita dirishani, mwanga wa chumba ukabadilika, na uso wa baba ukabadilika nao. Tukasubiri. Nilipoinua macho kutoka kwenye kioo nikaona mama hatazami tena picha. Alikuwa anamtazama baba. Alimtazama mvi, akamtazama kovu la shavuni alilolipata akipasua mbao za miwati kabla sijazaliwa, akatazama shingo iliyokuwa imelegea ndani ya kola. Ilikuwa miaka mingi hajauona uso ule vizuri.

"Umezeeka hivi," alisema, kwa sauti ya chini sana, "na hukuniambia."

Baba aliangalia nje. "Nilijua utaona mwenyewe," alisema.

Nilijifanya natafuta faili jingine. Mpaka leo, rangi ya uso wa baba kwenye picha ile ndiyo naitumia kupimia kazi yangu. Nikipata mteja mwenye ngozi kama ya watu wa kwetu, na kamera ikataka kumpa majivu, huwa naifungua kwanza ile, naitazama, ndipo naanza.

Siku hiyohiyo, kazi ikiwa imechanganya, tukafika kwenye picha ya mlango wa jiko. Mbele ulionekana uwanja wenye matope na kuku wawili. Nyuma ya kuku kulikuwa na mlango, na ndani ya mlango hamkuonekana kitu.

"Humu mna watu?" mama aliuliza.

"Sijui, mama. Ni giza tupu."

"Si ulisema kila kilichoonwa kimo ndani?"

Nikaanza kuinua vivuli. Hili nalo ni jambo ambalo picha iliyopikwa haiwezi: penye weusi imeshaweka weusi, basi. Picha mbichi huficha mengi gizani. Kwanza ulionekana ukingo wa sufuria uliopata mwanga wa moto. Kisha mkono. Kisha nyuso, moja baada ya nyingine, zikiwa na chengachenga kama zimenyunyiziwa mchanga, lakini nyuso za watu kabisa.

Mama akaanza kuwataja. Huyu shangazi. Huyu wifi. Yule anayecheka ni mke wa mjomba. Kila aliyemtaja alimwambia ahsante palepale, kama vile yumo chumbani. Kisha akafika kwa mwanamke aliyekaa mwisho kabisa karibu na ukuta, mtandio kichwani, kisu mkononi, rundo la ndizi mbichi mapajani. Kidole cha mama kikasimama hapo.

Nilimjua. Alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya kijito. Yeye na mama waligombana kuhusu zamu za mfereji wa maji ya bustani nikiwa bado sekondari, maneno mazito yakasemwa mbele ya watu, na tangu hapo hawakusalimiana. Kwetu mtoto akimpita mkubwa bila shikamoo huitwa arudi. Wanawake wawili wazima kupishana njiani kila siku bila hata "Onga mshi", salamu yetu ya mchana, ni jambo ambalo kijiji kizima hulibeba mgongoni.

"Huyu alikuwa anafanya nini jikoni kwangu?" mama aliuliza.

Mimi sikujua. Baba ndiye aliyekohoa.

"Alikuja asubuhi kabla ya misa. Alimenya ndizi zote, ile mikungu yote. Aliwaomba wenzake wasikwambie, na mimi akaniomba. Alisema, 'Leo ni siku ya binti, si siku ya mfereji.' Alikaa kimya mchana kutwa ili usiisikie sauti yake."

"Na wote mlijua?"

"Wote."

"Na mkanyamaza?"

"Aliomba," baba alisema.

Mama akasogea karibu zaidi na kioo. "Ongeza mwanga."

"Nikizidisha, mama, itapasuka yote iwe chengachenga."

"Basi inatosha. Nichapie."

Niliichapa kubwa, kwenye karatasi nzuri. Jumapili baada ya misa tulivuka kijito, mama mbele na picha imefungwa kwenye kanga, mimi nyuma. Jirani alikuwa uani anaanika maharage. Alipomwona mama aliinuka, mikono ikiwa na vumbi, akasimama tu.

"Onga mshi," mama alisema.

Yule mama aliitikia. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba bila kuondoa macho kwa mama. Akatutolea vigoda.

"Nimekuja kukushukuru kwa ndizi," mama alisema.

"Ndizi gani?"

"Usinifiche tena. Nimekuona."

"Umenionea wapi? Siku ile wewe ulikuwa huoni."

Mama akaifungua kanga, akaiweka picha mapajani mwa mwenzake. Yule mama alijifuta mikono kwanza, ndipo akaishika. Aliitazama. Nikaona machozi yanamlenga, na mama naye akageuza uso upande wa migomba, na mimi nikawa sijui niangalie wapi. Kisha jirani akavuta pumzi, akanigeukia mimi.

"Mtandio wangu haukuwa wa kahawia," alisema.

"Samahani, mama?"

"Ulikuwa wa zambarau. Ngoja."

Akaingia ndani, akatoka na mtandio wenyewe, umekunjwa vizuri. Mama akaupokea, akaukunjua juani, akauweka kando ya picha. Akaangalia huku, akaangalia kule, kwa lile jicho lake jipya.

"Kweli," akasema. "Zambarau kabisa. Rekebisha."

Nikajaribu kuwaeleza kwamba mle jikoni mwanga ulikuwa wa moto, na moto una rangi ya chungwa, na zambarau ikipigwa na chungwa huonekana kahawia.

"Moto haukuununua huu mtandio," jirani alisema. "Nimeununua mimi."

Hapo ndipo mama alipocheka, na mwenzake akacheka, na kicheko hakikukoma upesi. Tulikunywa chai yenye iliki. Niliporudi Lushoto nilikuwa na mtandio ndani ya begi langu, na kesho yake niliuweka kando ya kompyuta, nikaugusa mtandio wa pichani peke yake, nikauondolea moto, mpaka zambarau mbili zikawa moja. Nikachapa nakala mbili.

Mfereji haukuhitaji kikao. Waligawana siku wakiwa wamesimama shambani, na baba anasema walimaliza kabla hajaufikia uzio.

Ilipofika zamu ya jicho la pili, nilikuwa na harusi ya mteja ambayo sikuweza kuiacha, na baba alikuwa na homa. Jirani ndiye aliyemsindikiza mama, akalala naye wodini, akamshika mkono bandeji ilipofunguliwa. Mama alinipigia simu mchana huo. Nilimuuliza anaonaje. Akasema anaona vizuri sana, ahsante kwa Mungu, ahsante kwa daktari, ahsante kwa huyu mwenzake aliyekaa hapa. Akaanza kunitajia kila kitu cha wodini na rangi yake. Kisha akashusha sauti, kama anayetaka mtu wa pembeni asisikie.

"Uso wake una mikunjo mingi kuliko kwenye picha yako," alisema. "Hukuionyesha yote. Lakini ulijitahidi, mwanangu. Jiko lile lilikuwa na giza."